Ukurasa wa Arobaini na Moja

Saa nane za usiku. Chongqing imemezwa na ukungu
na treni inapita tumboni mwa jengo la jirani,
madirisha yake yakimulika meza yangu
fremu kwa fremu, kama kitabu mikononi mwa mtu mwenye haraka.
Nachora.
Wino umeniingia kuchani. Supu imeganda.

Katika riwaya yangu mwaka hautajwi.
Mvua ni ya zambarau, hainyeshi ila usiku,
na mji umepanda juu ya mji mwingine
hadi wa chini wamesahau neno la kuitia mbingu.
Shujaa ni Suo. Ana tundu nyuma ya sikio,
dogo, kama la kifungo cha shati.
Akitoka kiwandani huchomeka waya,
na chumba chake cha hatua tatu kwa mbili
hufunguka kuwa malisho, farasi, upepo,
na mama aliyefufuka, ameketi, anamenya chungwa.
Hulipia kwa dakika,
na dakika hukatwa kwenye usingizi wake.

(Nilijisifu kwa hilo. Mhariri wangu, Bwana Pu,
alinitumia vidole gumba vitatu.
Habari za usingizi wangu hakuuliza.)

Baba akaamka kwenda haja.
Miaka thelathini na moja alikuwa hamali wa ngazi,
mzega begani, kamba mbili,
kutoka gatini Chaotianmen hadi sokoni juu:
magunia ya pilipili, majokofu,
mara moja piano, watu sita,
na mwenye piano akitangulia mikono mitupu.
Sasa magoti yake hulia kama bawaba.
Alisimama nyuma yangu, ananukia dawa ya kuchulia,
akautazama ukurasa wa arobaini na moja:
mnara wa ghorofa mia tatu, droni kama kumbikumbi,
Suo kitini, macho meupe, anatabasamu.

"Ngazi nyingi," akasema.
"Ndiyo, Baba."
"Na hiki kiti. Chuma?"
"Chuma."
"Nani alikipandisha?"

Nikamweleza: lifti, roboti, mambo ya wakati ujao.
Alinisikiliza kwa adabu,
vile anavyomsikiliza daktari.
"Lifti huharibika," akasema, akaenda zake.

Nikafunua kurasa zote, nikirudi nyuma.
Hakuna anayetoka jasho. Hakuna mwenye bega.
Nimejenga mji mzima wa ngazi
na sikumweka hata mtu mmoja wa kuzipanda,
mimi niliyesomeshwa kwa ngazi!
Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
na ukingo wa fremu ni mwembamba kuliko unywele:
upande huu mimi, upande ule Suo,
na sijui ni nani kati yetu aliyechomekwa.

Baba aliporudi hakupita.
Aliinama, kidole kikielea juu ya karatasi
bila kuigusa, asije akaichafua,
juu ya yule mama wa malishoni.
Kovu la kidole gumba nilikuwa nimeliweka. Aliliona.
Hatukusema kitu. Treni ya mwisho ikapita.
Halafu akasema,
"Alikuwa anaanzia chini. Chungwa.
Wewe umeanzia juu."

Nikafuta chungwa. Nikalianzia chini.
Ganda likashuka refu, halikukatika,
likatoka nje ya fremu, likaangukia ngazini,
na pale lilipoangukia, ghorofa ya mia mbili na kumi na mbili,
nikamchora mtu mdogo, ukubwa wa punje ya mchele,
ameegemeza kiti cha chuma ukutani, anapumua.

Asubuhi Baba alivaa miwani, akamtafuta, akampata.
Akamkagua mgongo, kamba, viatu.
"Huyu," akasema huku akipuliza chai,
"wanamlipa kiasi gani?"