Kivutamoshi

Jikoni kwangu hutosha mtu mmoja.
Akiingia wa pili, wa kwanza apande juu ya mtungi wa gesi.
Nimelipima kwa utepe wa cherehani:
hatua tatu urefu, mbili na kisigino upana,
na dirisha linalotazama ukuta wa jirani,
hata jua huingia kwa ubavu.

Miaka kumi na minne nakaanga humu.
Mahamri alfajiri, viazi vya karai alasiri,
na moshi hauna pa kulala ila kwangu:
kwenye pazia, kwenye buibui la kutokea.
Harusini Bondeni shoga yangu alininong'oneza,
"Mwanasha, leo umejifukiza udi au kitunguu?"
Nikacheka. Usiku nikapanda kigoda, nikagusa dari:
kidole kikarudi cheusi kama nimetoka kupiga kura.

Zamu yangu ya mchezo ilipofika
nikaenda Mwembe Tayari na pesa kwenye leso.
Muuzaji, kijana mpole, akaniwekea moja mbele.
"Hii haitaki kutoboa ukuta, mama.
Inavuta moshi, inauchuja kwa mkaa, inaurudisha."
"Inaurudisha wapi?"
"Ndani."
Nikamtazama nimtazamavyo muuza samaki wa jana.
Mgeni nimsindikize mlango wa mbele
apate kuingia wa uani?

Ya sentimita tisini ilinipendeza, sikatai,
kioo chake kimepinda kama kope.
Lakini jiko langu ni sitini,
na kofia hununuliwa kwa kichwa, si kwa tamaa.
Nikachukua ya bati, mwendo wa feni tatu,
chujio la kuvuliwa likaoshwa kwa maji moto.
Nikasema iwashwe. Ikanguruma kama jenereta ya matanga.
"Hii ndiyo ya kimya?"
"Zingine, mama, usiombe."

Fundi Mbaruk alikuja na drili
na mpwawe, aliyebeba kalamu sikioni, basi.
Nyumba za Kibokoni hazikujengwa kwa tofali:
matumbawe na chokaa, dhiraa nzima.
Ncha ya kwanza ikafia humo humo.
Ya pili ikatoka na vumbi jeupe, likaingia kwenye sukari,
na katikati ya vumbi kikombe cha konokono wa pwani,
kizima, hakina hata ufa.
Nimekiweka karibu na chumvi.

"Bomba linyooke," akasema Mbaruk.
"Kila kiwiko kinakula upepo."
Kunyooka kwake kulikuwa kuelekea kamba ya nguo
ya Bi Mwanatumu, ng'ambo ya kichochoro,
ambaye tangu ile kesi ya mita ya maji
tunasalimiana kwa kufunga madirisha.
Fundi akanitazama.
Mimi nikatazama kalamu ya mpwawe.

Nilishuka ngazi thelathini na nane, nikapanda arubaini.
Alifungua mlango nusu.
Nikaeleza: tundu, bomba, inchi sita.
"Moshi wako," akasema, "tangu lini ukabisha hodi?
Naujua kukushinda. Alhamisi hukuungulia."
Kisha masharti: tundu lipande shubiri mbili juu ya kamba,
na Jumatatu, siku ya mashuka, nisikaange hadi saa nne.
Hatukupeana mikono. Aliuliza tu
hicho kitu kimegharimu kiasi gani,
nikamwambia, akasema nimeibiwa.

Alfajiri ya kwanza nikabonyeza.
Moshi ukanyanyuka, ukasita kidogo
kama mtu asiyeamini kwamba ameruhusiwa,
ukaingia.
Nikakaa mbele ya karai nikinusa: si iliki, si tui, si chochote.
Na mimi mafuta huyajua kwa pua.
Nikasubiri. Nikajishuku. Nikasubiri tena.

Ndipo sauti ikaja kupitia bombani, ya bati, ya usingizi:
"Mwanasha! Tia unga, mafuta yamekwiva!"
Nikatia.