Tawi la Saa Nne

Kwenu kijani ni rangi moja.
Kwangu ni nyumba yenye vyumba mia mbili na kumi,
na kazi yangu ni kubisha hodi kimoja kimoja
nikiuliza: wewe ni jani kweli,
au umevaa tu jina la jani?

Rangi ya lori ni kijani; haina jani ndani yake.
Wavu wa kujifichia ni kijani, umepikwa kiwandani
na watu wanaoijua kazi yao.
Hata hivyo, nikivuka wimbi la nanomita mia saba,
pale jani hai linapoinuka ghafla
kama mtoto aliyesikia jina lake,
wavu huchelewa kidogo kuitika.

Ilikuwa Juni, wiki ya mazoezi ya vita,
msitu wa Dzūkija, kusini mwa Lithuania,
misonobari imesimama wima kama foleni ya mkate
enzi za bibi yangu.
Ndege isiyo na rubani ilipita mara tatu.
Mimi nilikuwa ndani ya kontena, upande wa bluu,
chai imepoa, Kapteni Bronius nyuma yangu
akitafuna mbegu za alizeti.
"Sioni kitu," alisema.
Kweli, hakikuwepo cha kuona.
Macho hayana pazia, husema watu.
Kuta je? Kuta yanazo.

Kisha, chumba cha elfu moja mia sita na arobaini: doa.
Hatua tisa kwa nne,
kona zimenyooka mno kwa kitu kilichojiotea.
Mbetula.
Mbetula katikati ya misonobari,
tena mbetula yenye kiu.

Tawi likikatwa alfajiri halijui kwamba limekufa.
Saa mbili bado linapokea jua,
linapika chakula cha shina ambalo halipo.
Saa nne maji yamepungua
kiasi ambacho hata kiwavi aliye juu yake hajashtuka.
Jicho lako litapewa habari kesho kutwa, jani likijikunja.
Mimi nilipewa saa nne na dakika kumi na moja.

Nilimjua.
Wengine wote wa upande mwekundu
walikata msonobari wa karibu, au waliuamini wavu wao.
Mmoja tu angetembea hadi kinamasini kutafuta gome jeupe,
kwa kuwa kila Juni baba alitutuma sisi wawili
tukakate mbetula za kujipigia katika bafu la mvuke:
kata ukivuta kwako, funga mara mbili,
la tatu ni fundo la urembo.
"Mbetula haimwangushi mtu," alikuwa akisema
baba, aliyelificha ini lake bovu miezi minane
ndani ya sweta ya kijani.
Mficha maradhi, kilio humfichua.
Sisi tulikisikia siku ya kilio chenyewe.

"Kuna kitu?" aliuliza kapteni.
Nilikunywa ile chai.
Nikahesabu vyumba upya, tangu mwanzo.
Kisha nikasoma namba za ramani
kwa sauti ile ile ninayosomea hali ya hewa.

Dakika arobaini baadaye mwamuzi alifika na chaki,
akachora msalaba kwenye boneti,
akachora kwenye kofia, moja baada ya nyingine.
Wafu sita. Wakaambiwa wakae nyasini.

Jioni Tautvydas alinipigia, anacheka,
mdomo umejaa samaki wa chumvi.
"Wafu tunalishwa kwanza! Mlituonaje lakini?
Nilifunga vizuri."
"Ulifunga vizuri sana."
"Sasa?"
Kuna mambo ambayo nimeyatilia saini kwamba sitayasema.
Na ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari,
yuko mtu kama mimi, na kamera kama yangu,
na chaki hana.

"Usikate mbetula," nikamwambia.
"Usikate chochote. Jifiche chini ya kinachoishi."
Alinyamaza. Nikasikia anameza.
"Lakini baba alisema..."
"Najua alichosema baba."