Hariri Ndani ya Jiwe

Alikuja Jumatatu, umeme umekatika,
na leso yenye mafundo mawili:
moja la noti, moja la pete.
La pete ndilo lililokataa kufunguka.
Akatumia meno.

"Ya mama," Khainza akasema.
"Watu wanasema kioo. Wewe sema bei."

Mimi ni sonara wa Mbale,
duka la mlango mmoja, kati ya kinyozi na muuza mbolea.
Miaka ishirini na sita nimeyatazama mawe ya watu,
na mengine, Mungu anisamehe,
niliyaita kioo yakiwa hai.

Nikaisugua pete kwa mswaki na sabuni.
Kilichotoka chini ya jiwe kilikuwa maganda ya kahawa,
vumbi la Bulucheke,
misimu yote ambayo mama yake alichambua buni juu ya mkeka
kidoleni ana yakuti moja
na almasi nane zimeizunguka
kama watoto wanaongoja uji.

Nikasogea mlangoni penye jua.
Nikabana lenzi kwenye jicho.

Wafanyabiashara wakubwa huiita rangi hii damu ya njiwa.
Mimi sijawahi kuchinja njiwa.
Nilichoona ni buni mbivu siku ile ile ya kuchumwa,
kabla ya mashine, kabla ya mzani wa ushirika,
nyekundu, na uzambarau kidogo pembeni
kama mtu anayeficha hasira.

Na ndani,
ndani kulikuwa na hariri.
Ndivyo tunavyoiita: nyuzi nyembamba kuliko unywele,
zimepishana, kila moja imelala upande wake,
wala hakuna mkono uliozisuka.
Karibu na ukingo, ufa mdogo,
unyayo wa siku ambayo ardhi ilibana zaidi ya kawaida.

Jiwe la kiwandani nalijua.
Ni safi. Chini ya tochi ya kukagulia noti
linawaka kuliko hata hili.
Halina pa kukukwaza;
jicho linaingia huku na kutokea kule
kama mgeni asiyepewa kiti.
Zuri halikosi ila, walisema waliotutangulia.
Lile halina ila,
nami sikumbuki hata moja
nililowahi kulitazama mara mbili.

Ningeweza kusema kioo.
Silabi tatu tu,
zilikuwa zimekwisha kufika kwenye ulimi,
na mwanangu Wamono anadaiwa chuoni.
Kwa jirani, jenereta ya kinyozi ilikohoa, ikashika.

Nikampa lenzi.

Kwanza alifumba jicho lisilohusika.
Kisha akaona. Nilijua
kwa jinsi alivyoacha kutafuna.

"Kuna utando."
"Huo ndio ushahidi. Halikupikwa na mtu."
"Mama alikuwa nao. Mtoto wa jicho.
Mwaka wa mwisho alikuwa akichambua kahawa kwa..."
Hakumaliza. Akasugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada,
hivi, kama mtu anayepima unga.

Nikamtajia bei. Ile ya kweli.
Nilijisikia nikiitaja
kama mtu anayesikia jina lake redioni.

Alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja:
ada, sare, godoro la bweni.
Akarudia kuhesabu.
"Na hivi vidogo peke yake?"
"Almasi nane. Muhula mmoja, na chenji kidogo."
"Basi toa hivyo."

Nikavitoa kwa koleo juu ya karatasi nyeupe.
Cha tano kiliruka.
Tukakitafuta kwa magoti, mimi na yeye,
tukakikuta ndani ya kandambili yake.

Aliondoka na pete,
jiwe katikati, vishimo vinane vitupu
kama ufizi wa mtoto wa darasa la pili.
Hakuifunga tena kwenye leso.
Ilipogoma kwenye kifundo cha kidole
aliilamba,
akaisukuma ikapita.