Bunduki ya Pumzi

Ninayo bunduki isiyojua baruti.
Iko juu ya kabati, Jadida, hapa Wete,
imelala ndani ya foronya ya marehemu mama,
ile aliyoitarizi maua upande mmoja akachoka.

Si kama zile zinazovunjwa shingoni.
Hii mtutu wake haukunjiki, umeshika adabu;
unavuta mkono wa chini, springi inakaa kwa mguno
kama mgonjwa anayetafuta mkeka.
Juu pana bilula ndogo ya shaba:
unaigeuza, unatia punje, unaifunga
kama mtu aliyekumbuka bili ya maji.
Sijaona ya pili yake.
Chapa imelika; imebaki herufi moja na nusu ya ndege,
mkia na bawa. Kichwa kimekwenda na kutu.

Baba, Mbarouk Shaame, fundi wa vyerehani,
alipewa na karani wa ghala la karafuu
aliyeshindwa kulipia mashine mbili.
"Chukua," karani alisema, "hii nayo ni mashine."
Mama hakusema na baba siku tatu.

Nilichorithi hasa ni kutu.
Kisiwa hiki hewa yake ina chumvi;
isahau wiki mbili za masika
chuma kiote ndevu nyekundu.
Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya sala,
natandika gazeti, nafungua skrubu tano
(ya sita sikuikuta; baba alitia msumari wa kiatu),
nafuta kwa fulana kuukuu na mafuta ya cherehani,
tone moja. Ukizidisha, inavuta sigara.
Siku moja nilitia mafuta ya nazi:
ilipolia, ukumbi mzima ukanukia vitumbua,
na Bi Mize wa jirani akabisha hodi
kuuliza kama tuna hitma na hatukumwalika.

Kizibo cha pumzi yake ni ngozi.
Kikikauka inakohoa,
punje inadondoka miguuni kama tunda bovu.
Cha sasa nilikikata kwenye kiatu cha baba,
cha kulia. Cha kushoto mchwa walinitangulia.

Punje nazo namimina mwenyewe,
chubwi za nyavu zilizochakaa, kwenye kopo la maziwa.
Lugha yetu hapa imefanya ubahili:
risasi ndiyo madini, risasi ndiyo kifo,
na risasi hiyo hiyo, ikizama na wavu,
inaleta kitoweo.

Kituoni, afande aliipokea kwa mikono miwili,
akafungua daftari, akakwama.
"Silaha?"
"Inatumia upepo, afande."
"Basi pampu."
"Pampu haina shabaha."
Akaandika: *Chengineyo*.
Risiti ninayo.

Na hiyo shabaha! Inakwenda kushoto vidole viwili.
Baba aliijua kasoro hiyo, hakuitengeneza;
akitaka shokishoki la kwetu
alilenga dirisha la Bi Mize.
Kunguru wa mtaa hawajapata kuguswa hata unyoya,
lakini wakiiona foronya tu, wanahama.

Juzi Raya katoka skuli, kakaa mbele ya gazeti.
"Inaua nini?"
"Haijaua."
"Basi ya nini?"
Nikatafuta jibu, nikampa bisibisi.

Akafungua mpaka nisipofungua mimi,
bati la kitakoni, ambalo siku zote
nalipangusa juu juu tu.
Ndani ya mti, kwa penseli, tarehe za baba,
moja chini ya mwenzake, zimebanana,
na pembeni ya moja: *leo imepumua vizuri*.
Na kwenye ufa, ndani ya kitambaa cha mafuta,
skrubu ya sita, inang'aa kama imetoka dukani.

"Irudishe mahala pake," nikasema.
Raya akaitazama skrubu, akautazama msumari.
"Huu umeshazoea," akasema,
akaifunga tena kitambaani,
akaniomba penseli.