Mjumbe wa Utumboni

Aarhus, Januari. Theluji imegeuka tope
na mimi nimegeuka mzigo wa ngazi zangu mwenyewe.

Zamani nilikuwa fundi wa piano.
Waya uliolegea niliujua kwa sikio tu,
tangu mlangoni, koti likiwa bado mwilini.
Kisha zikaja sauti zisizo na waya.
Miaka sita. Sizielezi.

Klozapini ilizinyamazisha. Naishukuru,
hata kwa mate yanayolowesha mto,
hata kwa damu wanayonitoa kila mwezi.
Lakini ulipofungwa mlango wa mbele
njaa ikapitia dirisha la jikoni.
Saa tisa za usiku, miguu peku mbele ya jokofu,
nala siagi kwa kijiko.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa:
mimi nilikuwa wote wawili ndani ya shati moja
na hawakusalimiana.

Kilo sabini na nane. Kilo mia na ishirini na moja.
Mkanda wa baba ukaishiwa matundu.
Dada yangu Ragnhild akasema, "Asger, sukari yako..."
akakatiza, akitazama viatu vyangu,
ambavyo yeye ndiye aliyenifungia.

Dorthe, muuguzi, alinichorea utumbo nyuma ya bahasha.
Hapa, alisema, chakula kikipita hutoka mjumbe
apande hadi ubongoni aseme: basi, yatosha.
Mjumbe hauawi. Huyu huuawa:
dakika mbili kwenye damu, kimeng'enya kimemkata kichwa.
Ndipo wakaunda mwingine, sugu,
siri yake wakiiokota kwenye mate ya mjusi wa jangwani
alaye mara chache tu kwa mwaka.
"Huyu," alisema, "hudumu wiki nzima."

Basi kila Alhamisi, tumboni, sindano kama unywele.
Mwezi wa kwanza nilitapika kwenye theluji
nje ya duka la samaki; watu wakanikwepa kwa adabu.
Mwezi wa tatu mkanda ukarudi tundu moja.
Moja. Sikudanganyi.

Jana usiku nilibakiza nusu kipande cha mkate mweusi.
Kipo sahanini hadi sasa, kingo zimejikunja.
Nilikaa nikikitazama, na hakuna aliyenena,
si njaa, si wale wengine,
nikauogopa ukimya ule, nikatega sikio
kusikia nani atauingia.

Ni jokofu tu, likinguruma.
Sauti yake imeshuka kidogo,
nusu ya nusu, chini ya pale inapostahili.