Mita Tisa za Tope

Bado si jengo. Ni miraba ya rangi tu
inaelea kwenye skrini nyeupe, haina ukuta wala mlango,
kila mmoja na jina lake na tarakimu kifuani
kama watoto siku ya kwanza ya shule.
Chumba cha Usingizi wa Mchana: hamsini na nne.
Jiko: thelathini na mbili.
Ofisi ya Mkuu: kumi na nane.
Chumba cha Tope: tisa.

Baraza la mji wa Kajaani limeleta jedwali lake:
watoto themanini na wanne,
mita za mraba elfu moja mia moja na arobaini,
isizidi hata moja.
Nikivuta pembe kwa kipanya, mraba unanenepa,
na kule chini konani jumla inageuka nyekundu
kama shavu lililotoka nje Januari.
Nikiupunguza, jumla inatulia, nami natulia.
Miaka kumi na saba nimekula mkate huu,
kumpa huyu kwa kumnyima yule.

Jumanne akaja Maire Heikkuri,
mwalimu wa chekechea, mgongo wake kulabu.
Akavua buti mlangoni bila kuambiwa,
akaketi na soksi zake za sufu, akaikodolea macho skrini.
"Hiki kidogo cha kahawia ni nini?"
Nikamwambia.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Hesabu nami," akasema.
Buti mbili kila mtoto. Glavu mbili, na mbili za akiba,
maana zile za kwanza zitakuwa zimelowa kabla ya saa nne.
Ovaroli ya mpira juu ya ovaroli ya sufu. Kofia. Skafu.
Zipu iliyokwama. Mtoto anayeililia zipu.
Mtoto aliyekwisha kuvaa vyote, ndiyo kwanza anataka choo.
"Nusu saa kuwavisha, nusu saa kuwavua,
mara mbili kwa siku, Oktoba mpaka Aprili.
Mimi, kijana, nimezeekea chumba hicho.
Humo ndimo wanamojua kushoto na kulia,
kumngoja mwenzio,
kumshikia mwenzio mkono wa koti.
Nawe umewapa mita tisa!"

Nafasi, nilifundishwa, ni urefu mara upana.
Hakuna aliyenifundisha nafasi ile nyingine,
ile anayokosa mtu mwenye vidole ishirini vya baridi mkononi
na sauti sita zinamwita.

Nikaandika arobaini. Jumla ikawaka.
Nikaikata korido: vyumba vikagongana mabega.
Nikaligusa jiko, nikamwona mpishi na masufuria yake,
nikaliacha.
Nikaugusa usingizi. "Huo usiuguse," akasema Maire,
"wasipolala wao, silali mimi."
Ikabaki ofisi ya mkuu.
Tukatazamana.
"Mkuu ana kompyuta ya mapajani," akasema taratibu,
"na ni dada yangu. Nitamweleza mwenyewe."

Kumi na nane ikawa saba. Stoo ikatoa nne,
chumba cha mikutano kikatoa kumi na mbili kwa shingo upande.
Bado nne. Nne hizo hazikupatikana popote;
nilizisaka chini ya ngazi, nyuma ya mitambo ya hewa,
kila nilipozitoa zilikuwa za mtu.
Nikahifadhi faili hivyo hivyo, jumla yake nyekundu,
na baruani nikaandika: nne hizi ni za tope,
ondoeni ninyi, kwa mkono wenu.

Saa tisa, na nje giza limeshashika theluji.
Maire akasimama kwenye kijia changu cha kuingilia,
upana wake sentimita tisini, nilikipima mimi mwenyewe,
mguu mmoja butini, mwingine hewani,
kiwiko ukutani, pochi menoni.
Hapakuwa na benchi. Kulabu ilikuwa moja, yenye koti langu.
Sikujua nisimame wapi.
Basi nikaichukua pochi,
nikamshikia mkono wa koti.