Kijiti cha Ukaleq

Marehemu Kuitse alilichonga hori hili
kwenye ubao ulioletwa na bahari (huku miti haioti).
Kila rasi pingili, kila ghuba pengo;
husomwa kwa kidole gumba, ndani ya glavu, gizani.

Ukaleq anapunguza injini, anapapasa:
hapa maji hunyamaza chini ya jabali jekundu,
hapa sili huibuka kuvuta pumzi,
hapa upepo wa barafuni hushuka bila kubisha hodi,
ulimzamisha Kuitse mwenyewe.

Kidole kinafika mwisho wa kijiti.
Hapo, alisema babu, ukuta wa barafu.

Mbele maji tu, rangi ya maziwa,
na kisiwa kisicho na jina,
mawe yake bado mabichi.

Anachomoa kisu.
Kijiti kimekwisha. Hori bado.